Mvujo

Keki ya ghorofa tatu haijui subira.
Januari, saa saba mchana, Barabara ya Jogoo,
sukari yake nyeupe ilianza kutoka jasho kabla yangu,
na waridi nililolifinyanga usiku kucha
likainamisha kichwa pale Makadara
kama mtu aliyesinzia kanisani.
Bibi harusi hakusema kitu. Mama yake alisema.

Ndiyo maana Jumatatu nikaipeleka pikapu ya baba
Kariobangi, kwa Nyabuto,
fundi asiyekuuliza gari lina nini
mpaka aliwekee mkono kifuani.

"Kiyoyozi kilikufa lini?"
Mwaka niliokuwa darasa la pili, nikamwambia.
Marehemu baba, Kivindyo, aliinunua mnadani
na hadi siku yake ya mwisho alimlaani yule dalali
aliyeapa kwamba ndani humo ni Limuru tupu.
Sisi tulishusha vioo.
Tulikula vumbi la Njiru tukaliita upepo.

Nyabuto akapaka povu la sabuni kwenye mabomba,
kiungo kwa kiungo, kwa brashi ya kunyolea ndevu,
kisha akainama, kimya.
Hata Wekhomba, mwanafunzi wake, alizima redio.
Povu halina siri:
penye tundu, hupumua.
Likapumua mara mbili kwenye kondensa,
mara moja kwenye shingo ya kompresa,
palipokuwa na mpira mdogo mweusi
uliokauka kama ganda la ndengu.

Nikatumwa Barabara ya Kirinyaga
kununua mipira ya kijani, kumi na miwili,
na kondensa iliyowahi kuwa ya gari la mtu mwingine.
Muuzaji aliapa kwa jina la mamake.
Nikapunguziwa mia tatu.

Niliporudi, dashibodi ilikuwa imepasuliwa kama samaki
na Wekhomba ameshika feni, anacheka.
"Mama Keki, hii ilikabwa koo."
Akamimina juu ya gazeti:
sarafu,
vijiti vya peremende,
jino la utotoni.

Langu.

Nikayaona upya yale matundu ya hewa,
benki yangu isiyo na karani,
mahali pekee ambapo kaka yangu hangepekua.
Haba na haba hujaza kiyoyozi.
Miaka yote hiyo dalali alilaaniwa bure,
ama nusu bure, maana kondensa nayo ilikuwa imeoza,
na mimi kiti cha pembeni, miguu haifiki chini,
nikiitikia kila laana kwa "ndiyo, baba."

Nyabuto akazihesabu: shilingi kumi na saba.
"Nitazikata kwenye bili," akasema,
na akazikata kweli.
Jino akanirudishia.

Kisha pampu. Ikanyonya hewa yote iliyokuwa mle
nusu saa nzima, akafunga,
akala mahindi ya kuchoma, jicho kwenye saa ya presha.
Sindano haikutikisika.
Gesi ikaingia ikinong'ona.
Klachi ikalia tak,
injini ikashusha pumzi kama hamali aliyeongezewa gunia,
na kwenye matundu ikatangulia harufu:
vumbi la zamani, mkojo wa panya,
ugoro wa baba.
Halafu baridi.

Jumamosi, Ruai, getini kwa wenye harusi,
keki imesimama wima kwenye kiti cha abiria,
imefungwa mkanda, waridi limenyoosha shingo.
Mlinzi akanijia mbio akielekeza chini,
tone, tone, kidimbwi kikikua kwenye kokoto,
na kuku mmoja tayari anakunywa.
"Madam, gari yako inavuja!"
Meno yakinigongana,
nikamwambia aliache livuje.